Jibu: Manjano na usahaulifu wa bibi

Waalaikum salaam dada. Umeuliza kama kumzidishia bibi manjano kwenye mchuzi kutamrudishia kumbukumbu. Mimi nasema mwache ale, lakini usiyafanye dawa.

Kilichomo kwenye manjano kinachozungumzwa ni kurkumini. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 40 wa miaka 51 hadi 84, wasio na ugonjwa wa akili wa uzeeni. Waliomeza miligramu 90 mara mbili kwa siku kwa miezi 18 walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu kuliko waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa. Lakini hiyo ilikuwa kurkumini iliyotengenezwa ifyonzwe kirahisi. Ya jikoni nyingi hupita tumboni bila kufika damuni. Pilipili manga na mafuta husaidia ifyonzwe, kwa hiyo mchuzi wetu wa samaki, wenye tui zito na pilipili manga ya kutwanga, si haba hata kidogo.

Pilipili kali ndiyo ningeipunguza. Utafiti wa miaka mingi kule China uliona wanaokula zaidi ya gramu 50 kwa siku kumbukumbu zao zikishuka haraka zaidi. (Gramu hamsini! Hapo hata Mlamu atalia.)

Ikiwa bibi anameza dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya manjano asiviguse kabla ya kuuliza daktari. Na umesema anapotea njia kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu, alikozaliwa: mpeleke hospitali ya King Fahd wiki hii, wampime presha, sukari na vitamini B12.