Kifo kisicho na mkono wa mtu: maswali yenu kuhusu "The Body"

Maswali mengi niliyoletewa safari hii yanahusu sehemu moja tu ya tamthilia ya Kimarekani, Buffy the Vampire Slayer, nami nayajibu kwa furaha kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuziona katika televisheni. Inaitwa "The Body", ni ya 16 katika msimu wa tano, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Februari 2001. Kwa wasioifahamu, Buffy ni msichana aliyejaliwa nguvu za kupambana na wanyonya damu na mashetani, na siku hiyo anarudi nyumbani na kumkuta mama yake, Joyce, amefariki dunia kwenye kochi.

Ndugu mwandishi, nimetazama hadi mwisho nikisubiri kumwona shetani aliyemuua yule mama, nisimwone. Nani amemuua? (Msomaji, Kirumba)

Hakuna aliyemuua, ndugu yangu. Joyce alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani na kuonekana amepona, kisha mshipa wa damu ndani ya ubongo ukapasuka. Katika tamthilia ambayo tangu 1997 ilituzoeza kwamba kila maiti ina muuaji wake, na kwamba muuaji huyo atasakwa na kupigwa, mwandishi na mwongozaji Joss Whedon, ambaye mwenyewe alifiwa na mama yake kwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo, anatuletea kifo kisicho na adui. Buffy anajaribu kumrudishia mama pumzi kwa kumbana kifua, na zile nguvu zilizowashinda mashetani hazifanyi lolote zaidi ya kuvunja kitu ndani ya kifua hicho.

Swali lako lina uzito wa pekee huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mtu akifa ghafla, swali la kwanza katika misiba mingi ni mkono wa nani, na tunajua swali hilo limetufikisha wapi: vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Ndiyo maana naiheshimu sana sehemu hii. Imetungwa ndani ya ulimwengu ambamo uchawi ni kweli na mashetani yapo, mahali ambapo kumtafuta mchawi kungekuwa jambo rahisi kuliko yote, na bado inakataa kumtafuta, ikimwacha mfiwa akae na kifo chenyewe bila mtu wa kumkasirikia.

Mbona hakuna muziki hata kidogo? Sisi huku msiba bila kwaya hauendi. (Mama wa Igoma)

Mama, ukimya ule umekusudiwa. Muziki wa tamthilia humwelekeza mtazamaji wapi alie na wapi atulie, na hapa tumenyimwa mwongozo huo, kama Buffy alivyonyimwa. Anapofungua mlango wa nyuma anasikia watoto wakicheza na mtu akijifunza kupuliza tarumbeta, yaani mtaa unaendelea na shughuli zake. Wewe unayeishi Igoma, walikozikwa wengi wa waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, unajua kwamba kabla ya turubai kufungwa na kwaya kufika kuna saa ambayo mtu huwa peke yake na habari aliyoipata. Sehemu nzima inakaa ndani ya saa hiyo.

Yule Anya anauliza maswali ya kitoto mbele ya wafiwa. Si utovu wa adabu? (Msomaji, Ukerewe)

Anya, mmoja wa marafiki wa Buffy, aliishi zaidi ya miaka elfu moja akiwa shetani wa kisasi, akasababisha vifo vingi bila kuvielewa, na sasa ni binadamu anayefiwa. Haelewi kwa nini Joyce hawezi tu kurudi ndani ya mwili wake, wala kwa nini hatapiga miayo tena au kuchana nywele, na anachoumia zaidi ni kwamba hakuna anayemweleza. Mwigizaji wake, Emma Caulfield, anayasema maneno hayo huku sauti ikimkatika, nami naona ndiyo maneno ya kweli kuliko yote yanayosemwa katika sehemu hii. Adabu ya msibani hutufundisha la kusema, lakini Anya hakufundishwa, kwa hiyo analisema lile ambalo sisi wengine tunalimeza.

Marafiki wa Buffy ni wachawi. Kwa nini wasimfufue? (Msomaji, Nyegezi)

Mdogo wake Buffy, Dawn, anajaribu katika sehemu inayofuata, "Forever", na sitakueleza anayegonga mlango. Itazame mara tu baada ya hii, kwa kuwa moja ni jibu la nyingine.

Binti yangu wa miaka kumi amefiwa na bibi yake. Nimwonyeshe? (Baba, Sengerema)

Bado, baba. Uso wa maiti unaonyeshwa kwa karibu na kwa muda mrefu, na karibu na mwisho mnyonya damu anainuka mochwari, naye anaangamizwa kwa msumeno. Itazame wewe kwanza, hasa pale Dawn anapopewa habari shuleni nasi tunaona kupitia kioo tu, bila kusikia maneno. Halafu keti na binti yako umuulize anataka kujua nini kuhusu bibi, na umjibu kwa maneno ya wazi, pamoja na jina la ugonjwa uliomchukua.