Waliosajiliwa wanaongezeka, udahili unapungua: namna ya kusoma idadi ya wanafunzi wa PhD wa kemia

Swali

Shikamoo Dokta. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja Nyanda za Juu Kusini. Idara yetu ya kemia inaandaa andiko la kuanzisha PhD, na baadaye ya uhandisi kemikali. Nimepewa sehemu inayohusu mwenendo wa idadi ya wanafunzi wa utafiti katika fani hizi, duniani na hapa kwetu, na nimekwama. Takwimu za Marekani nilizopata zinaonyesha waliosajiliwa wakiongezeka, na wakati huohuo nasoma kwamba vyuo vya huko vinapunguza udahili. Lipi ni sahihi? Kwa nini kemia na uhandisi kemikali haziendi pamoja? Na je, naweza kuchukua mwenendo wa huko nikakadiria wa kwetu?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Watu wakisema "idadi ya wanafunzi wa utafiti" huwa wanazungumzia mambo matatu bila kuyatenga: walioingia mwaka huu, waliomo chuoni kwa sasa, na waliotunukiwa shahada. Hesabu hizi tatu haziendi kwa mwendo mmoja.

Chukua idara inayopokea wanafunzi 8 wa PhD kila mwaka, haiongezi wala haipunguzi. Wakimaliza kwa miaka 4, siku yoyote utakayohesabu utakuta 32. Muda ukirefuka hadi miaka 6, utakuta 48. Hilo ni ongezeko la nusu nzima, na hakuna hata mtu mmoja wa ziada aliyedahiliwa. Kilichoongezeka ni muda wa kukaa.

Hili nimelipitia mwenyewe. Nilipokuwa nasoma PhD hapa nyumbani, niliwahi kukaa na vichupa 14 vya sampuli kwenye jokofu, nimeviandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila kimoja kilikuwa na miligramu chache za unga, mweupe au wa njano, nilizozipata baada ya wiki nyingi za kuchuja na kutenganisha dawa za magome ya mti mmoja. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha NMR, ambacho ndicho humwonyesha mkemia molekuli yake imejengwaje. Mashine tuliyoitegemea ilikuwa imezimwa kwa kukosa heliamu ya kimiminika ya kupozea sumaku. Sampuli zikapelekwa nje kwa hisani ya rafiki wa msimamizi wangu. Majibu ya kwanza yalirudi baada ya miezi 7, na vichupa 3 vilikuwa vimekwisha kuharibika, ikabidi nianze tena kuchuja. Miezi yote ile nilihesabiwa kuwa mwanafunzi wa PhD aliyesajiliwa, sawasawa na aliyeingia juzi. Kwa hiyo ukikuta chuo cha ukanda wetu kinajivunia waliosajiliwa wengi, uliza kwanza wameingia lini.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ni kuchelewa. Udahili ukishuka leo, waliomo watapungua kidogo kidogo, na wahitimu hawatapungua mpaka kundi hilo dogo lifike mwisho. PhD ya kemia Marekani huchukua kama miaka 5 hadi 6. Mwaka 2020, maabara zilipofungwa kwa Uviko na viza zikakwama, wanafunzi wapya kutoka nje walishuka, na mwaka uliofuata wakarudi kwa wingi. Pengo lile dogo unapaswa kulitafuta kwa wahitimu wa kuanzia 2025. Na mwaka 2025 wenyewe, fedha za utafiti za serikali zilipotikiswa, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi mpya za PhD. Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, ulitangaza kwanza nafasi 1,000 za ufadhili wake mkuu wa wanafunzi wa utafiti, ilhali mwaka uliotangulia zilizidi 2,000; baadaye ukaongeza 500. Jedwali la wahitimu wa mwaka huo halikuonyeshi lolote kati ya hayo. Linakuonyesha maamuzi ya 2019 na 2020.

Sasa nini hasa kinachosukuma idadi hizi? Watu wengi hudhani ni soko la ajira: kazi zikiwa nyingi, wanafunzi huja. Kwa PhD ya kemia nimeshawishika kwamba kinachotangulia ni fedha za utafiti. Mwanafunzi wa PhD ya kemia Marekani kwa kawaida halipi ada. Hulipwa posho, ama kwa kufundisha maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ama kutoka kwenye ruzuku ya utafiti ya msimamizi wake. Msimamizi akipata ruzuku, nafasi inafunguka. Akikosa, inafungwa, hata waombaji wawe na ufaulu mkubwa namna gani.

Tazama historia yenyewe. Waliotunukiwa PhD Marekani wamekuwa wakihesabiwa kila mwaka tangu 1957, kwa dodoso analojaza mhitimu. Mwaka huohuo Wasovyeti walirusha Sputnik, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye masomo ya sayansi. PhD za kemia zikapanda hadi kama 2,200 kufikia mwaka 1970. Kisha fedha zikabana, ajira zikapungua, na tangu 1968 masomo ya uzamili yalikuwa yamekoma kuwa kinga ya kutopelekwa vitani Vietnam. Kufikia 1980 zilikuwa zimeshuka hadi karibu 1,500. Katikati ya miaka ya 1990 zilirudi kwenye 2,200 hivi, mwaka 2000 zikawa chini kidogo ya 2,000. Kati ya 1998 na 2003 bajeti ya utafiti wa afya ya serikali, inayopitia NIH (Taasisi za Taifa za Afya), iliongezwa maradufu, na wakemia wengi wa molekuli hai hula kwenye chungu hicho. Mwaka 2010 PhD za kemia zilikuwa karibu 2,300, na kuelekea mwisho wa muongo ule zilizidi 2,500. Fedha ziliingia, wanafunzi wakafuata, shahada zikaonekana miaka mingi baadaye. Katika andiko lako mpangilio huo utakusaidia kuliko asilimia yoyote ya ukuaji.

Kuhusu uhandisi kemikali, tofauti inaanzia kwenye shahada ya kwanza. Mhandisi kemikali mwenye digrii moja anaajirika palepale: kiwanda cha bia, saruji, sukari, mamlaka ya maji, mgodi wa dhahabu unaochenjua kwa sayanaidi. Kumwambia akae miaka mingine 5 kwa posho ni kumwomba aache mshahara ulioko mezani. Mkemia mwenye BSc mara nyingi hana chaguo hilo, hasa kama anataka kubuni molekuli na si kupima tu ubora wa bidhaa. Tena idara ya kemia hufundisha umati: wa udaktari wa tiba, wauguzi, wahandisi, wa kilimo. Umati huo unahitaji wasaidizi wa maabara, na wasaidizi hao ndio wanafunzi wa PhD. Uhandisi kemikali hauna umati wa namna hiyo, hivyo unategemea zaidi ruzuku na viwanda, na unategemea zaidi wageni. Katika uhandisi kwa ujumla, zaidi ya nusu ya wanaotunukiwa PhD Marekani wana viza za muda. Kwenye kemia sehemu hiyo ni ndogo zaidi. Ndiyo maana sera ya viza ikibadilika, uhandisi huumia haraka.

Bei ya mafuta nayo huwavuta vijana kwenye uhandisi kemikali, lakini huwavuta kwenye shahada ya kwanza. Usije ukachukua msongamano wa waombaji wa BSc ukautumia kukadiria PhD.

Kabla hujalinganisha nchi na nchi, chunguza nani anahesabiwa. Sensa ya NSF ya waliosajiliwa ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017: wa uzamili na wa uzamivu (PhD) wakaanza kuripotiwa kila kundi peke yake, na mfumo wa kupanga fani nao ukabadilika. Ukichora mstari mmoja kutoka 2010 hadi 2022 bila kuweka alama mwaka 2017, sehemu ya utakachokiona ni mabadiliko ya fomu. Ujerumani, ambako walio wengi wanaomaliza uzamili wa kemia huendelea na udaktari, watu hao mara nyingi ni waajiriwa wa chuo na hawakulazimika kujisajili kama wanafunzi. Hesabu yao kamili ya serikali ilianza 2017, baada ya sheria ya takwimu za vyuo kurekebishwa. Na kila mahali kuna wakemia waliohama jina: anayetengeneza kichocheo cha kusafishia maji anaweza kuorodheshwa chini ya sayansi ya matirio, nishati au mazingira. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na inayochukua wa uzamili na uzamivu, ina kazi nyingi za kemia zilizo chini ya majina kama hayo. Ukitafuta neno "kemia" peke yake utawakosa.

Hapo ndipo tunafika kwetu. Sishauri uchukue mwenendo wa Marekani ukaubandika Tanzania, kwa sababu mwanafunzi wetu wa PhD ni mtu mwingine. Sehemu kubwa ni wewe na mimi: wahadhiri walioajiriwa, wanaosoma huku wakifundisha na kusahihisha mitihani ya watu mia tatu. Idadi yao husukumwa na kanuni za ajira na miradi. Kenya ni mfano ulio wazi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na PhD, na muda uliwekwa hadi 2018. Sharti la namna hiyo huwafanya watu wakajisajili kwa wingi, wakiwa na maabara zilezile na wasimamizi walewale, na hapo hesabu yangu ya 32 na 48 inarudi.

Upande wa miradi, Benki ya Dunia ilianza mwaka 2016 kufadhili vituo 24 vya umahiri katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika. Kimoja kiko Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kinashughulikia kemia ya mimea, nguo na nishati jadidifu. Viwili viko Nelson Mandela. Hapa Tanzania mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, wa dola milioni 425, umeweka fungu la kusomesha wanataaluma wa vyuo vya umma. Fedha hizi ni njema na zimesomesha watu ninaowaheshimu, ila zina tarehe ya mwisho. Udahili wa miaka ya mradi usiuhesabu kuwa ndio wa kawaida.

Kisha kuna suala la mada. Kemia ya mimea ya dawa imekuwa na nguvu Afrika Mashariki kwa miongo, na mtandao wa watafiti wa NAPRECA upo tangu 1984. Kuna wasimamizi, kuna mbinu, kuna mimea nje ya mlango. Uhandisi kemikali una wasimamizi wachache mno wenye PhD, na kila mmoja ana kikomo cha watu anaoweza kuwasimamia vizuri. Kwa idara yenu kikomo hicho ndicho kitakachoamua idadi, kabla hata ya maombi.

Kwa hiyo nenda kurugenzi ya masomo ya uzamili ya chuo chako na ya vyuo viwili vitatu jirani, ukaombe jedwali la makundi: walioingia 2012 walikuwa wangapi, wangapi wamehitimu kufikia 2016, 2018, 2020, wangapi bado wamo, wangapi wameacha. Fanya hivyo kwa kila mwaka wa kuingia, kemia peke yake na uhandisi kemikali peke yake. Namba zitakuwa ndogo, na ziandike hivyohivyo: kutoka watu 2 hadi 5 ni watu 3, usiandike asilimia 150. Pembeni weka safu ya nani aliyelipia: mwajiri, mradi, ruzuku ya msimamizi, au mfuko wake mwenyewe.

Ukilipata jedwali hilo niandikie tena. Nitaanza na safu ya waliokaa zaidi ya miaka 6.