Kabla Hujalipia Mwogeleaji Wako Kipimo cha Oksijeni

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, hakosi mzazi wa kunifuata kando ya bwawa hapa Kisumu na swali lile lile: "Mwalimu, mbona tusimpeleke huyu apimwe oksijeni kama wanavyopimwa wakimbiaji?" Swali hilo halinishangazi. Habari za Iten na Eldoret tunazisikia kila siku, na karibu kila mtu amewahi kuona picha ya mwanariadha aliyefungwa barakoa usoni akikimbia juu ya mashine. Mzazi akiiona picha ile huamini kwamba siri ya ushindi imo kwenye tarakimu inayotoka kwenye kompyuta.

Nimewasindikiza waogeleaji wangu kwenye vipimo vya aina hiyo, na nimekaa na karatasi za majibu hadi nikazielewa. Ninachowaambia wazazi na makocha wenzangu ni kwamba kupima ni jambo jema, lakini kipimo chenye faida kwa mwogeleaji ni cha gharama: kila mita moja ya maji inamla oksijeni kiasi gani? Tena sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya mwenyewe ukiwa na saa, daftari na vidole viwili shingoni.

Ushahidi wa kwanza ni hao hao wakimbiaji wetu. Mwaka 1995 Bengt Saltin, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Uswidi, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wakimbiaji wa Kenya na kuwalinganisha na wa Skandinavia. Kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hakikuwa na tofauti kubwa baina ya pande hizo mbili. Tofauti ilijitokeza walipokimbia kwa kasi moja: Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi. Walikuwa wanakimbia kwa bei nafuu.

Majini jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu maji hayasamehe. Nguvu ya maji ya kukuzuia hupanda kwa mraba wa kasi yako, na nguvu unayopaswa kutoa ili kuishinda hupanda kwa mchemraba. Ukitaka kuongeza kasi kwa asilimia 10, unatakiwa kutoa karibu theluthi moja zaidi ya nguvu uliyokuwa ukitoa. Na katika nishati yote anayochoma mwogeleaji, ni kama asilimia 5 hadi 10 tu inayogeuka kuwa kazi ya kumsogeza mbele. Nyingi iliyobaki inapotea kuwa joto. Ndiyo maana kuogelea umbali fulani hugharimu takriban mara nne ya kuukimbia.

Kwa hiyo mtoto mwenye mapafu makubwa na moyo imara anaweza kuachwa nyuma na mwenzake mdogo ambaye mwili wake umelala vizuri juu ya maji. Nimeliona hilo mara nyingi. Namkumbuka kijana mmoja mrefu, mwenye kifua kipana, ambaye majibu yake ya mashine ya kukimbilia yalimfurahisha kila mtu, lakini katika mita 400 alikuwa akipitwa na msichana aliyemfika begani. Miguu ya kijana ilikuwa inazama. Ukisimama ufukweni Dunga, hapa Kisumu, ukatazama mashua za wavuvi zikirudi, ile iliyozidishiwa mzigo nyuma hulima maji hata kama wapiga makasia ni mabaunsa, na kijana yule alikuwa akiogelea hivyo hivyo. Wasichana na wanawake kwa kawaida hutumia nishati kidogo kwa kila mita kuliko wanaume, na sababu kubwa ni kwamba miguu yao huelea vizuri zaidi. Kocha anayewapanga watoto kwa urefu na misuli peke yake anawapoteza wasichana wengi wazuri.

Sasa, kuhusu ile mashine ya kukimbilia. Usimlipie mwogeleaji kipimo hicho ukidhani utajua hali yake majini. Mwaka 1975 Magel na wenzake nchini Marekani waliwafanyisha vijana mazoezi ya kuogelea kwa wiki 10. Walipowapima wakiogelea, kiwango chao cha juu cha oksijeni kilikuwa kimepanda kwa asilimia 11 hivi. Walipowapima wakikimbia, hakikubadilika kwa kiasi cha maana. Fikiria mzazi ambaye angelipia kipimo cha kukimbia tu kabla na baada: angeambiwa mtoto hajaendelea hata kidogo.

Kumpima mtu akiwa ndani ya maji ni kazi ngumu, na watafiti wamehangaika nayo tangu zamani. Mwaka 1911 Claude Douglas wa Uingereza alieleza mfuko wa kukusanyia hewa anayoitoa mtu, ambao hadi leo unaitwa mfuko wa Douglas. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.93; ile tunayoitoa huwa na kama 16 au 17. Ukijua ni lita ngapi zimetoka na oksijeni iliyopungua, umepata matumizi. Ingvar Holmér wa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwapima waogeleaji ndani ya mfereji ambao maji yake yanasukumwa na mashine, mwogeleaji akipiga mikono huku amebaki pale pale. Siku hizi wengine hutumia mrija wa kupumulia uliounganishwa na kifaa kidogo kinachobebwa kando ya bwawa. Mrija huo unasaidia, lakini unamzuia mtoto kugeuka kwa kupinduka ukutani na unabadilisha namna anavyopumua, hivyo usiufananishe muda wake wa siku hiyo na muda wa mashindano.

Mimi naipenda zaidi njia nyingine. Mtoto anaogelea huru, bila kufungwa chochote, na akigusa ukuta anavalishwa barakoa papo hapo. Hewa ya kila sekunde 20 inapimwa, kisha mtaalamu anarudisha mstari wa grafu nyuma hadi ile nukta aliyogusa ukuta. Montpetit na wenzake waliipima njia hii mwaka 1981 na ikaonekana inafaa. Inataka wasaidizi wepesi na mtoto aliyefundishwa asivute pumzi kabla barakoa haijakaa.

Ukipata maabara ya kumpima, kuna swali moja nakuomba usiache kuuliza, hasa kama uko Nakuru: mashine imewekewa shinikizo la hewa la wapi? Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Asilimia ya oksijeni hewani ni ile ile kama Mombasa, lakini shinikizo la hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na hewa yenye shinikizo dogo hutanuka. Lita moja ya hewa ya Nakuru haina oksijeni sawa na lita moja ya Mombasa. Mpimaji akiacha mashine kwenye tarakimu za usawa wa bahari, majibu yatazidi ukweli kwa zaidi ya asilimia 20, na mtoto wa kawaida atatoka pale akionekana bingwa wa dunia. Uliza bila aibu. Mtaalamu anayejua kazi yake atakujibu kwa furaha.

Kwa sababu hiyo hiyo, usilinganishe muda wa mita 400 wa Nakuru na wa Kisumu kana kwamba ni bwawa moja. Huko juu mwili unapata oksijeni kidogo zaidi kwa kila pumzi, na katika masafa marefu saa itaonyesha.

Sasa tuje kwenye kipimo cha kila kocha. Kwanza pima bwawa lenyewe kwa futi ya kamba, kwa maana mabwawa mengi ya hoteli si mita 25, hata kama watu huyaita hivyo. Kisha mpe mwogeleaji mita 200 mara tano, mtindo huru, kila moja ianze dakika 5 baada ya mwanzo wa iliyotangulia. Ya kwanza iwe ya raha kabisa, na kila inayofuata iwe na kasi zaidi kidogo, ya mwisho akimaliza yote aliyo nayo. Kwa kila mita 200 andika mambo matatu: muda, idadi ya mipigo ya mikono katika urefu mmoja wa bwawa (mimi huhesabu wa sita), na mapigo ya moyo. Mapigo yahesabiwe mara tu anapogusa ukuta, kwa sekunde 10 peke yake. Ukingoja au ukihesabu dakika nzima, moyo utakuwa umeshatulia na utaandika uongo. Na usitumie viwango vya wakimbiaji: mtu akiwa amelala ndani ya maji, mapigo yake ya juu kabisa huwa chini ya yale ya kukimbia, mara nyingi kwa mapigo 10 au zaidi kwa dakika.

Rudia kipimo baada ya wiki sita hivi, bwawa lile lile, saa ile ile ya siku. Hapo ndipo utamu ulipo. Tuseme mwanzoni aliogelea 200 kwa dakika 3 kamili, akapiga mikono 22 kwa urefu mmoja na moyo ukahesabiwa 28 kwa sekunde 10. Sasa kwa muda ule ule anapiga mikono 19 na moyo 25. Bei ya mita imeshuka, na hukuhitaji barakoa kulijua hilo. Kama moyo umeshuka lakini mikono ni ile ile, mazoezi yamejenga moyo na damu. Ufundi bado unakudai. Kama mikono imepungua lakini moyo umepanda, mtazame kwa makini. Mara nyingi utakuta anateleza kupita kiasi kati ya mkono na mkono, kasi inakufa, kisha analazimika kuianzisha upya. Watoto wakiambiwa tu "punguza mikono" huangukia hapo. Tarakimu moja bila wenzake itakudanganya.

Kuna hesabu nyingine rahisi inayokupa kasi ambayo mwogeleaji anaweza kuistahimili kwa muda mrefu. Siku moja apime mita 200 kwa nguvu zote, siku nyingine mita 400. Akitumia sekunde 160 kwa 200 na sekunde 340 kwa 400, tofauti ni mita 200 kwa sekunde 180, yaani mita 1.11 kwa sekunde, au mita 100 kwa sekunde 90. Hiyo ndiyo kasi ya kupangia mazoezi yake ya kustahimili. Wakayoshi na wenzake nchini Japani waliieleza kwa waogeleaji mwaka 1992, na naitumia kuliko kitu kingine chochote.

Wenye watoto wa mbio fupi wasisumbuke sana na oksijeni. Jason Dunford wetu alipotwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka 2010, alimaliza chini ya sekunde 24. Kwa muda mfupi namna hiyo misuli hutegemea zaidi akiba yake yenyewe kuliko oksijeni inayoingia. Huko angalia mruko wa kuanzia, kugeuka ukutani na nguvu.

Chakula nacho kinatokana na hesabu hizi. Lita moja ya oksijeni inayotumika mwilini ni sawa na kilokalori 5 hivi. Kijana anayetumia lita 2.5 kwa dakika, akiogelea kweli kweli kwa dakika 50 ndani ya mazoezi ya saa moja na nusu, amechoma zaidi ya kilokalori 600. Hiyo ni nishati ya kama gramu 170 za unga wa mahindi, juu ya mahitaji yake ya kawaida ya kukua na kusoma. Halafu naona mtoto anakuja bwawani jioni, tangu chakula cha mchana shuleni hajatia kitu kinywani ila chai, na akitoka anapewa soda. Inaniuma. Mpe viazi vitamu au ndizi kabla, na baada ya mazoezi asikae muda mrefu bila ugali wake na omena au maharagwe. Maji yakiwa baridi, kama asubuhi za Julai kule Nakuru, mtoto anayetetemeka anachoma nishati zaidi na hasongi mbele hata hatua moja, mtoe nje.

Mwisho, jambo la huku kwetu ziwani. Oksijeni husafiri kwa damu: gramu moja ya himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, hubeba takriban mililita 1.34. Mtoto ambaye mapigo yake yamepanda ghafla kwa kasi aliyoizoea, bila sababu ya mazoezi, usimwongezee mita na usimwite mvivu. Mpeleke apimwe malaria na wingi wa damu, na kama huogelea ziwani apimwe kichocho pia. Kama hali yake ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, haijulikani, ijulikane kabla ya msimu kuanza, kwa maana mwenye ugonjwa huo anaweza kuzidiwa vibaya na maji baridi na uchovu, na daktari ndiye wa kusema aogelee kiasi gani. Daftari lenye yale mambo matatu nenda nalo kliniki; mwonyeshe daktari mapigo ya mwezi uliopita na ya wiki hii.