Barua kwa mwanangu: gharama za talaka ni za nani

Mwanangu Nabwire,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikishafunga duka. Unasema baba watoto amekwambia ati kwa vile wewe ndo unapeleka kesi ya talaka, basi utalipa kila kitu, loya wako na loya wake. Hapana bana, anakutisha tu.

Hapa Uganda gharama za kesi ziko mkononi mwa hakimu au jaji. Kesi za madai kawaida aliyeshindwa anamlipa aliyeshinda, isipokuwa jaji aone sababu ya kuamua vingine, na kwenye mambo ya ndoa hiyo sababu wanaiona mara nyingi sana, hasa mkiwa na watoto, wanasema kila mtu ajilipie wake, maana nyinyi bado mtakutana kwenye ada za shule na harusi za hao hao watoto. Kwa hiyo piga hesabu ukijua loya wako ni juu yako. Ukipewa kitu, bahati.

Na hata ukipewa usidhani zitarudi zote. Loya anaandika bili ya gharama, mahakama inaipitia mstari kwa mstari kwa viwango vya kanuni, inakata. Kuna mama wa hapa sokoni alinionyesha yake, karatasi kadhaa zimeshonwa pini: kupokea maelekezo, kuandika hati, fotokopi kurasa ngapi, nauli ya kupeleka barua upande wa pili, kila kitu na bei yake, halafu pembeni kalamu imepita imekata karibu nusu. Kilichokatwa akabaki kukimalizana mwenyewe na loya wake.

Ndo maana nakwambia kabla hujatuma hata shilingi, mwandikiane bei mweke sahihi, na umuulize hiyo bei inaishia wapi, ni talaka peke yake au na watoto na mali, na mwenzako akikata rufaa je? Wa kukwambia "lete ya kuanzia, zingine tutaona" mwache hapo hapo. Risiti kila mara, hata ukituma kwa simu. Pesa ikikosekana kabisa nenda FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake bure, au Justice Centres, nao ni ofisi za msaada wa sheria. Tena unaweza kuomba mahakama imwamuru akupe matumizi wakati kesi bado inaendelea, watoto hawangoji hukumu ndo wapate chakula.

Lakini mimi nionavyo, talaka yenyewe siyo inayomaliza watu pesa. Ni kiwanja na nyumba. Mahakama ya Juu kabisa ya Uganda ilishasema 2013, kesi ya Rwabinumi na mkewe, kwamba mchango wa kila mmoja kwenye mali unaangaliwa, na mchango si pesa tu, hata kazi ya kulea na kutunza nyumba imo. Sasa huyo wako atabisha kila tofali, na kila siku ya kubishana mahakamani loya anahesabu. Watawapeleka kwanza kwa msuluhishi, usiende pale na hasira. Mnachoweza kukubaliana, watoto wakae wapi, nani alipe ada, kimalizeni hapo, kortini mpeleke kile tu kilichoshindikana.

Jambo lingine, baba yako mdogo ameshaanza wimbo wa ng'ombe, ati wakwe wakidai mahari tutarudisha nini. Nimemwambia 2015 mahakama hiyo hiyo ya juu ilisema kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila ikivunjika ni kinyume cha katiba, na waliopeleka kesi ni MIFUMI, shirika la kutetea wanawake, watu wa hapa tu Tororo. Amenyamaza, ila namjua, atakupigia. Usimwahidi kitu, wale ng'ombe wenyewe waliliwa zamani na yeye alikuwepo akila.

Tafuta vyeti vyote, cha ndoa na vya watoto, na karatasi za kiwanja, zipige picha unitumie WhatsApp nikuwekee. Ukishaonana na huyo loya nipigie kabla hujaweka sahihi. Ijumaa niko sokoni mpaka jioni, piga usiku.

Mama yako,
Busia