Bodi ya gitaa ikibonyea, weka msasa mbali kwanza

Skrubu moja iliyosahaulika juu ya meza inatosha kuitia alama bodi ya gitaa la umeme iliyokwisha kuchongwa. Kipande cha mkangazi kilichobaki kwenye kazi ya mlango au kabati kinatoa bodi nzuri, nyepesi kuliko mvule, lakini uso wake hubonyea upesi. Klampu isiyowekewa kibao chini ya taya zake hufanya vilevile.

Ukiiona alama, mkono hukimbilia msasa. Uzuie. Kibonyeo cha nusu milimita hakiondoki kwa msasa mpaka uushushe uso mzima nusu milimita. Ukisugua palepale tu unachimba bonde pana. Kidole hakilihisi, ila siku vanishi inapong'aa litaonekana kama kisahani. Na hasara hiyo ni ya bure, kwa sababu mbao iliyobonyea bado ipo yote. Nyuzi zake zimebanwa tu, na maji pamoja na moto huzifumua.

Kwanza hakikisha nyuzi hazijakatika. Funga dirisha, laza tochi ya simu ubavuni mwa bodi, kisha pitisha ukucha. Kibonyeo kina kingo za mviringo. Mkato una ukingo mkali unaonasa ukucha. Mkato hauinuki kwa mvuke.

Kama ni kibonyeo, dondoshea matone mawili matatu ya maji na uyaache dakika 5 hadi 10 yanywewe. Kama mbao imeshapakwa kitu, maji hayatapenya, kwa hiyo kwangua rangi mahali hapo kwanza. Tumia maji ya mvua au ya chupa, maana maji ya visima vyetu aghlabu yana chokaa na huacha weupe. Kitambaa kiwe cha pamba, cheupe, kilichofuliwa. Kanga mpya itaihamishia mbao rangi yake.

Kunja kitambaa mara mbili, kilowe bila kutiririka, kiweke juu ya kibonyeo na gandamiza kwa ncha ya pasi iliyowekwa kwenye moto wa pamba, sekunde 5 hadi 10. Inua, tazama, lowesha tena. Mara tatu au nne aghlabu hutosha. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa, ila pulizia majivu mbali kabisa na kazi. Kibonyeo kidogo kama punje ya mchele kinataka ncha ndogo: kile chuma cha kuyeyushia risasi utakachounganishia nyaya za pikapu, vile vinasa sauti vya gitaa, kinafaa sana, kikiwa juu ya kitambaa, kisiguse mbao. Pasi yenye kutu usiitumie. Chuma kikikutana na maji juu ya mbao yenye tanini nyingi, huacha doa jeusi linaloingia ndani.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Sehemu iliyopata mvuke huvimba kidogo kupita uso wa jirani. Ukiisawazisha ikiwa na unyevu, itakauka na kuzama, na kibonyeo kimerudi. Iache siku nzima wakati wa kaskazi. Wakati wa masika ipe siku mbili au tatu, ndani, si juani. Ndipo upitishe msasa namba 180 uliofungwa kwenye kibao, kisha 220, ukifuata mkondo wa nyuzi.

Jihadhari na viungo. Gundi nyeupe ya mbao hulegea kwa moto, kwa hiyo pasi isikae juu ya mstari ulipounganishwa bodi, wala karibu na ubao wa freti, ule uliobandikwa juu ya shingo. Mfuko wa shingo, yaani shimo la bodi linaloipokea shingo, nao huvimba ukipata mvuke. Usiupanue kwa patasi eti shingo haiingii, subiri ukauke.

Kwa mkato, changanya gundi na unga wa mbao ileile, jaza kupita uso kidogo, sawazisha kesho yake. Bandika tepu kuzunguka tundu, kwani gundi iliyosambaa huzuia rangi ya mbao isipenye na kuacha baka jeupe. Kiraka hicho kitabaki cheusi kidogo. Ikiwa bodi itapakwa rangi nzito, hakitaonekana. Ikiwa ni vanishi tupu, chonga kiraka cha mbao chenye mkondo uleule.

Kabla ya vanishi, pangusa bodi nzima kwa spiriti na ulaze tochi tena ubavuni. Kila kibonyeo kilichobaki kitajitokeza. Kizungushie alama ya penseli nyepesi, si kalamu ya wino.