Anza na mbao, mataruma yatafuata: kwa anayeanza kuunda meli ndogo ya Kiholanzi

Karibu kila anayeanza kazi hii ya kuunda modeli, yaani mfano mdogo wa meli, huniuliza: michoro ya mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo, nitaipata wapi? Ndugu yangu, kama unataka kuunda chombo cha karne ya 17 kwa njia ya mafundi wa Amsterdam wenyewe, michoro hiyo huihitaji, tena itakupotosha. Wao hawakuanza na mataruma. Walianza na mbao za chini, na mataruma yakachongwa baadaye kulingana na umbo ambalo mbao zimekwisha kulipata.

Mwaka 1697 Peter Mkuu wa Urusi alifanya kazi kwa mikono yake kwenye karakana ya VOC, kampuni kubwa ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki. Mwaka uliofuata akavuka kwenda Uingereza, kwa sababu Waholanzi hawakuweza kumfundisha umbo la meli kwenye karatasi. Elimu yao ilikaa kwenye jicho, mkono na kanuni chache za vipimo.

Kanuni hizo tunazipata kwa Nicolaes Witsen, aliyekuja kuwa meya wa Amsterdam. Mwaka 1671 alichapisha maelezo ya hatua kwa hatua ya merikebu ya aina ya pinas: urefu futi 134, upana 29, kina 13. Anza na hiyo. Vipimo vingi vinatokana na urefu wake, kwa mfano unene wa mti wa omo, yaani wa mbele ya chombo, ni inchi 1 kwa kila futi 10, yaani pinas inapata inchi 13 na kitu.

Lakini futi gani? Hapa nilipoteza miezi mitatu. Futi ya Amsterdam ni sentimita 28.3, na imegawanywa inchi 11, si 12. Mimi nilichukua futi ya Kiingereza ya sentimita 30.5. Kwa kipimo cha 1:50, yaani modeli ni sehemu moja ya hamsini ya meli halisi, chombo changu kikatoka karibu sentimita 82, wakati kilitakiwa kuwa 76. Inchi zenyewe hazitofautiani sana, kwa hiyo unene wa miti ulibaki uleule na mwili ukarefuka. Kikaonekana kimekonda, na sikujua kwa nini mpaka nilipokipima upya. Tengeneza rula yako ya ubao yenye futi na inchi za Amsterdam kwa kipimo chako, uitumie hiyo tu hadi mwisho.

Kuhusu mbao sina mengi. Meli halisi zilikuwa za mwaloni, lakini vinyweleo vya mwaloni ni vikubwa mno kwa chombo kidogo. Mpea (wa matunda ya pea, si mparachichi) ni mzuri. Mti wowote mgumu kiasi, wenye nyuzi za karibu na zilizonyooka, utakufaa.

Sasa kazi yenyewe. Laza mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, simamisha mti wa omo na wa tezi, yaani wa nyuma, hakikisha kwa timazi kwamba havijainama. Kisha ubao wa kwanza kila upande wa mkuku. Katikati ya chombo umelala karibu bapa, lakini ukifika omo unatakiwa uwe umesimama. Msokoto huo ndio unaowakatisha watu tamaa. Nilivunja mbao nne mfululizo kwa kuulowesha ubao kisha kuukunja kwa nguvu. Waholanzi walipinda mbao kwa moto na maji pamoja, nawe fanya hivyo: loweka nusu saa, kisha ubonyeze taratibu kwenye bomba la shaba lililopashwa moto. Utasikia maji yakichemka ndani ya ubao, halafu ghafla utalegea mkononi kama mkanda wa ngozi. Papo hapo usokote, uushikilie mpaka upoe.

Mbao zinazofuata zinaunganishwa ubavu kwa ubavu, na kinachozishika ni vibao vidogo vilivyopigiliwa misumari juu ya maungio. Ni vya muda tu. Usiweke gundi chini yake! Chombo kinapofika hapa hakina hata taruma moja, na kinaonekana kama sinia kubwa lenye ncha mbili. Mgeni huogopa. Usiogope, wala usikimbilie kuweka taruma la kukupa moyo.

Mahali pa kukaa sana ni pale tumbo linapopinda kutoka chini kwenda ubavuni. Inua mbao hizo kwa vigingi, pande zote mbili kwa pamoja, kisha rudi nyuma hatua tano ukitazame chombo kutoka omo. Sogeza kigingi kimoja kidogo, tazama tena. Mimi hutumia jioni nzima hapo, kwa sababu hapo ndipo umbo lote la chini linapoamuliwa, na hakuna mchoro utakaoamua kwa niaba yako.

Ukiridhika, ndipo unachonga mataruma ya chini, moja baada ya jingine, yakae kwenye mbao bila kuzisukuma. Wanaotoka pwani yetu watakumbuka mtepe, chombo chetu cha kale: mbao zilishonwa kwanza kwa kamba za nazi, mataruma yakaingizwa baadaye. Misumari na kamba ni mbali, lakini mpangilio wa akili ni wa karibu sana, na nilipoligundua hilo kazi yote ilinikalia vizuri kichwani.

Ukishafunga mataruma kwa misumari ya mbao, ng'oa vile vibao vya muda. Vitaacha matundu mengi. Waholanzi waliyaziba kwa vijiti vidogo vya mbao, na wanaakiolojia wakivikuta kwenye mabaki ya meli iliyozama hutambua kwamba iliundwa kwa njia hii. Usiyafiche kwa vumbi la mbao na gundi. Chonga vijiti vya mwanzi vya milimita moja, ziba tundu kwa tundu, kata, pitisha msasa. Kwenye pinas yangu ya tatu upande mmoja wa chini nimeuacha bila rangi, na safu za vijiti hivyo zinaonekana zote.