Tumekunywa mtungi mmoja, mbona ameugua yeye tu?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Hadubini. Shemeji yangu amelazwa kambi ya kipindupindu. Nyumbani tuko saba na maji tunachota mtungi mmoja. Mbona ameanguka peke yake? Halafu kabla hajapelekwa, mama mkwe alikataza asipewe maji, eti ni kujaza ndoo iliyotoboka. — Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikaa maabara miaka 29, na huyo bakteria sikuhitaji kukaza macho kumtambua: amepinda kama alama ya mkato, na anachomoka kama kimondo.

Wengi hudhani anatafuna utumbo. Hatafuni, ndiyo maana choo hakina damu, ni kama maji ya kuoshea mchele. Anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, anatema sumu. Sumu inaingia kwenye seli na kuzilazimisha zimwage chumvi, na chumvi ikitoka maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja! Mwaka 1959, kule Calcutta, India, mtafiti Sambhu Nath De alichuja bakteria wote, akaingiza majimaji yaliyobaki kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji vilevile. Mkosaji ni sumu.

Sasa mama mkwe. Ndoo kweli imetoboka, ila sumu haigusi mlango wa sukari. Sukari ikiingia kwenye seli inaingia na chumvi, na maji nyuma yao. Maji matupu hayafui dafu, mpeni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visawazishwe. Anywe hata kama bado anaharisha, huku mnamkimbiza kambini.

Kwa nini yeye? Asidi ya tumbo huua bakteria wengi kabla hawajafika utumboni. Muulizeni kama anameza dawa za vidonda vya tumbo, maana zinapunguza asidi hiyo. Wenye damu kundi O nao huumia zaidi. Na ninyi sita msijipongeze: wengi huambukizwa wasihisi chochote, lakini choo chao kinawabeba bakteria. Chemsheni maji, nawieni sabuni.

Huo mtungi, mnachota kwa kata yenye mpini au kila mtu anatumbukiza kikombe na vidole vyake?